Ganda au Utando wa Kidonge?

Mfasiri anapoliita tabaka linalofunika kidonge “ganda”, hatuna budi kumpinga. Ganda humenywa likatupwa. Tabaka hili humezwa, na katika baadhi ya vidonge huikinga dawa na asidi ya tumboni. Mgonjwa akilibandua, dawa yaweza kuharibika. Tena, “kuganda” hakuelezi kazi ya kiwandani, ambako kimiminiko hunyunyizwa kidogo kidogo, na unene hupimwa kwa mionzi ya infraredi iliyo jirani na nuru ionekanayo: tabaka likizidi unene, ishara ya kiini cha kidonge hufifia. Twapendekeza “utando”, utokanao na kutanda, kama utando wa maziwa. Kupima kutanda kwaeleweka. Kupima kuganda kwampeleka msomaji kwenye barafu.