Tàpies: Ukuta Uliojengwa Juu ya Turubai

Kuta zimechorwa na wengi. Mchoraji Antoni Tàpies wa Barcelona (1923–2012) yeye alizijenga, na naamini uamuzi huo wa kiufundi ndio unaozifanya picha zake zibebe kumbukumbu ya mahali alipokulia bila kusimulia kisa chochote. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania vilipozuka Julai 1936 alikuwa na miaka 12. Mji wake ulipoangukia mikononi mwa majeshi ya waasi ya Jenerali Franco, Januari 1939, alikuwa na 15. Katika insha aliyoiandika 1969 alieleza jinsi kuta za mji huo zilivyoshuhudia mateso ya watu. Ukuta wa namna hiyo una mashimo, na brashi haichimbi, hupaka tu.

Chukua *Ocre gris* ya 1958, iliyo katika hazina ya Tate, Uingereza. Imetengenezwa kwa rangi ya mafuta, resini ya epoksi na vumbi la marumaru. Vumbi hilo huifanya rangi iwe nzito kama lipu, hata iweze kuchanjwa na kukwanguliwa. Tena huiondolea mng'ao, mwanga ukaishia pale pale juu. Mchanganyiko ukiwa mbichi, mchoro wa ncha huinua kingo laini pembeni. Ukishakauka, kingo hukatika na chembe kumeguka. Ndiyo maana mtazamaji hutambua kwamba jambo limeupata uso huu, tena kwa nyakati tofauti, hata asipoambiwa ni jambo gani. Hakuna upeo wa macho wala njia inayokwenda mbali. Picha ina kimo cha zaidi ya mita 2.5, na ukisimama mbele yake umezuiliwa.

Wapo watakaosema kwamba asiyejua habari za vita haoni hapo ila lipu chafu. Ni kweli hataona Barcelona. Lakini kila aliyekulia mjini anajua tofauti ya ukuta uliochakaa kwa mvua na ule ulioumizwa kwa mkono wa mtu, na tofauti hiyo imo kwenye uso wenyewe wa picha. Pingamizi zito zaidi ni hili: kama kizuizi halisi ndicho kinachotakiwa, kwa nini kisiletwe chenyewe? Tàpies alijaribu. Mwaka 1956 alichukua shata la chuma la duka, akalichora alama ya msalaba, akaliwekea fidla. Kazi ile inashtua, ila kwa maoni yangu humaliza maneno yake mapema, kwani shata lilikuja likiwa tayari limetengenezwa. Katika *Ocre gris* kujengwa na kubomolewa kwa ukuta kote kumefanyika mbele yetu. Wala vumbi la marumaru peke yake halitoshi: likimwagwa juu ya turubai bila kuchimbwa, hubaki pambo.

Basi msomaji asizihukumu picha hizi kwa nakala za vitabuni, maana karatasi huziondolea kina chote. Akipata nafasi, azitazame kutoka ubavuni, mwanga ukipita juu ya makovu.