Kicheko Ndani ya Santuri: Phil Ochs na Hadhira Yake

Katika masomo ya fasihi simulizi tumezoea kusema kwamba utungo haukamiliki pasipo hadhira. Wanafunzi wetu hulikariri jambo hili katika majibu ya mtihani, nasi hulitia alama ya sahihi. Lakini tunapokuja kuzihifadhi tungo zenyewe, kwa maandishi au kwa sauti, hadhira ndiyo ya kwanza kuondolewa. Tunaandika beti, tunahesabu mizani, tunaeleza maana ya maneno magumu. Vigelegele, vicheko na minong'ono tunaviita kelele. Makala haya yanalichunguza tatizo hilo kwa mfano ulio mbali kidogo nasi, yaani santuri ya kwanza iliyonaswa ukumbini ya Phil Ochs, mtunzi na mwimbaji wa Marekani, iliyotolewa na kampuni ya Elektra mwaka 1966 kwa jina la Phil Ochs in Concert. Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la lugha za Kiafrika limshughulikie mpiga gitaa wa New York. Naomba subira, yako mambo mawili yanayomleta kwetu, na moja lao lilitokea Nairobi na Dar es Salaam.

Ochs alizaliwa El Paso, Texas, mwaka 1940. Alisomea uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, akaondoka bila ya kumaliza, akaingia New York wakati vijana wengi walipokuwa wakiimba kwa gitaa katika vilabu vya mtaa wa Greenwich Village. Uandishi wa habari haukumtoka. Santuri yake ya kwanza, ya mwaka 1964, ilichukua jina lililochezea kaulimbiu ya gazeti la New York Times, na nyimbo zake nyingi zilikuwa habari zilizotiwa vina. Hali ni hiyo hiyo katika santuri tunayoizungumzia. Wimbo mmoja unahusu majeshi ya Marekani kuingia Santo Domingo mwaka 1965, mwingine vibarua wa Meksiko katika mashamba ya California, mwingine wanafunzi wa vyuo wanaodai haki ya kusema. Nyimbo za namna hii huzeeka upesi. Baadhi ya hizo zimezeeka, na sioni haja ya kuzitetea.

Wimbo usiozeeka ni ule wa kejeli, Love Me, I'm a Liberal. Nafsi inayosema humo ni mtu wa siasa za wastani: mwenye elimu, mpenda haki, msomaji wa magazeti mazuri. Anasimulia jinsi alivyolia Kennedy alipouawa, na Medgar Evers alipouawa. Lakini Malcolm X, aliyeuawa Februari 1965, anamwona kuwa amepata alichokitafuta. Ubeti baada ya ubeti msemaji huyu anajivika sifa na papo hapo anajivua nguo. Kwa istilahi zetu tungesema kwamba fanani amejitia katika nafsi ya mkejeliwa, akaacha nafsi hiyo ijishtaki yenyewe. Ni mbinu ngumu. Mtu aliyepewa maneno hayo katika karatasi, asiyejua lolote juu ya Marekani ya miaka hiyo, angeweza kuyasoma kama maungamo ya kweli ya raia mwema.

Mimi mwenyewe nilikuwa karibu na mtu huyo. Nilikutana na santuri hii nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, katika chumba cha maktaba cha kusikilizia, vipokea sauti masikioni. Sikujua Medgar Evers ni nani. Sikujua kwamba neno “liberal”, ambalo kwa masikio yangu lilikuwa neno la sifa, lingeweza kutumiwa kama neno la kutia aibu. Nilichokijua ni kwamba watu walikuwa wakicheka, na kwamba kicheko hicho hakikuwa cha furaha tupu. Nilianza kucheka kabla ya kufahamu. Ufahamu ulikuja baadaye kwa kusoma, lakini njia ya kuufikia ilionyeshwa na watu waliokuwa wamekaa ukumbini usiku ule, wasionijua wala nisiowajua. Hapa ndipo ninapoona kwamba kicheko ni sehemu ya matini. Ndicho kinachomwambia msikilizaji wa mbali kwamba “mimi” wa wimbo siye mwimbaji.

Tena, ni nani hasa waliokuwa wakicheka? Walionunua tikiti za kumsikiliza Ochs walikuwa, kwa sehemu kubwa, watu wa aina ile ile inayokejeliwa: wanafunzi, walimu, wapenda haki wa mijini. Alikuwa akiwaimbia wenyewe juu ya wenyewe. Kila kicheko, basi, kina maana mbili: “ndivyo walivyo watu wale”, na, kwa sauti ya chini zaidi, “ndivyo tulivyo”. Mshairi wa Kiswahili hashangai hapa. Katika taarabu mafumbo hutupwa ukumbini, na aliyelengwa hujulikana kwa mwendo wa watu: mwanamke anainuka, anacheza polepole hadi mbele, anamtunza mwimbaji kwa ubeti ule na si mwingine, na macho yote yanamtafuta mwenziwe aliyekaa. Kutunza huko kumeligeuza fumbo la mwimbaji kuwa kauli ya mtunzaji. Anayeandika beti hizo bila ya kuandika nani aliinuka wakati gani ameandika nusu ya utungo, na pengine nusu iliyo dhaifu.

Mfano mwingine wa santuri hii si wimbo bali ni maneno yanayotangulia wimbo. Kabla ya The Ringing of Revolution Ochs anawaeleza wasikilizaji filamu ya kubuni, akigawa nafasi za uigizaji: John Wayne awe Rais Lyndon Johnson, na Johnson naye awe Mungu. Kisha yeye mwenyewe anajipa nafasi ya Bob Dylan, na anapomaliza kuisema anaongeza kwamba anakusudia Dylan yule kijana. Mzaha huu umejengwa kwa ngazi, na neno la mwisho lina uzito kwa sababu kila mtu ukumbini alijua kwamba mnamo Julai 1965, huko Newport, Dylan alikuwa amepanda jukwaani na gitaa la umeme, akaachana na wimbo wa habari na siasa. Kwa neno moja Ochs amejisifu, amemdokoa mwenzake, na amejicheka kwa kubaki nyuma. Utanzu huu wa maneno baina ya nyimbo hatuna hata jina lake katika vitabu vyetu, ingawa watambaji na waimbaji wetu huutumia kila siku.

Lakini sina budi kuleta jambo linalotishia hoja yangu. Santuri ilitangazwa kuwa imenaswa katika Carnegie Hall mjini New York na Jordan Hall mjini Boston, katika majira ya baridi ya 1965 na 1966. Inajulikana sasa kwamba kanda za kumbi hizo zilikuwa na kasoro, na kwamba sehemu fulani zilirudiwa kwingine na kuunganishwa na makofi. Mkali wa nadharia atasema: hadhira yako ni ya kubandika, na kicheko chako ni kitoweo kilichotiwa baada ya chakula kuiva. Nilipolisoma jambo hilo nilikereka kama mtu aliyeuziwa mali bandia. Hata hivyo kulitafakari kumenipa faida mbili. Kwanza, watengenezaji walijua kwamba nyimbo hizi zikiachwa peke yake zingepungukiwa. Wangaliweza kutoa santuri ya studio, kama walivyofanya mara mbili kabla, wakaona hapana. Pili, tunapata kipimo. Makofi ya mwisho wa wimbo yanaweza kubandikwa na yeyote. Kisichobandikika kwa urahisi ni fanani kungoja: kuacha kicheko kipande na kushuka, kuuchelewesha mshororo unaofuata, kubadili sauti kwa sababu ya alilolisikia. Mahali fanani anapojibu, hadhira ipo. Nadhani kipimo hicho kingetufaa hata katika kuzihakiki rekodi za nyumbani.

Rekodi hizo zina historia yake. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri kutoka Unguja hadi Bombay kurekodiwa na kampuni ya HMV. Santuri zile zilisikika pwani nzima, na heshima yake haipungui kwa hili ninalosema. Lakini zilinaswa ng'ambo ya bahari, mbali na wale waliozijua habari za mji zilizotiwa katika nyimbo hizo. Sisi tunaozisikiliza leo tunamsikia Siti asiye na Ng'ambo yake. Shaaban Robert, katika wasifu aliomwandikia, alijaribu kuturudishia mtu na mazingira yake. Sauti za waliomzunguka hakuwa na njia ya kuzirudisha.

Narudi kwa Ochs. Machi 1970 alirudi Carnegie Hall akiwa amevaa suti ya dhahabu, akaimba nyimbo za zamani za rock 'n' roll pamoja na zake. Sehemu ya ukumbi ilimzomea. Sauti hizo nazo zimo katika santuri, iliyotolewa Kanada miaka kadhaa baadaye. Anayetaka kuelewa kicheko cha 1966 asikilize pia zomeo la 1970; ni hadhira iliyozoea kuambiwa ukweli juu yake yenyewe kwa namna inayoipendeza, nayo haikukubali kubadilishiwa namna.

Mwaka 1973 alifika kwetu. Mjini Nairobi alirekodi pamoja na Pan-African Ngembo Rumba Band nyimbo mbili, moja kwa Kilingala, Bwatue, na moja kwa Kiswahili, iliyochapwa kwa jina la Niko Mchumba Ngombe. Mwalimu yeyote wa sarufi atasita mbele ya jina hilo. “Niko” inadai mahali, au inadai “na” kwa mazoea ya Nairobi. Ng'ombe amepoteza ritifaa yake. Na uhusiano wa mchumba na ng'ombe, ingawa mila zetu zinaweza kuueleza, sarufi ya jina haiuelezi. Silitaji jambo hili kwa kumcheka. Ni Wamarekani wachache mno wa kizazi chake waliothubutu kuimba kwa lugha zetu. Nataka tu ionekane kwamba mtu ambaye sanaa yake yote ilisimama juu ya kufahamiana na wasikilizaji alikuwa sasa akiimba maneno ambayo hangeweza kuyapima kwa kicheko cha yeyote. Katika safari hiyo hiyo, mjini Dar es Salaam, wanyang'anyi walimkaba koo. Sauti zake za juu hazikurudi. Alijiua Aprili 1976, akiwa na miaka 35. Santuri ya 1966 inamalizika kwa When I'm Gone, wimbo unaoyataja mambo ambayo mtu hawezi kuyatenda ila akiwa hai, na hakuna tena anayeusikiliza kama walivyousikiliza wale wa ukumbini.

Nina deni la kulipa kabla ya kuweka kalamu. Miaka michache iliyopita nilinasa nyimbo za harusi katika kijiji kimoja cha pwani kwa ajili ya utafiti wangu. Nilitaka sauti safi. Niliwaomba akina mama wasipige vigelegele wakati kiongozi akiimba, nao kwa adabu wakanyamaza. Beti nilizozipata nilizieleza kwa kirefu katika tasnifu, na nilimsifu kiongozi kwa ufasaha wake na kumlaumu kidogo kwa kurudiarudia ubeti wa nne bila sababu.

Juzi nilizisikiliza upya kanda hizo. Mwanzoni kabisa, kabla ya sauti yangu kuingia kuomba ukimya, ubeti ule wa nne umeimbwa mara moja mbele ya watu wakiwa huru. Vigelegele vinalipuka, kuna kiti kinasukumwa, mwanamke mmoja anasema, “Haya, mwenyewe kasikia,” na kiongozi anaurudia ubeti, polepole zaidi. Baada ya hapo, katika kimya nilichokitengeneza, aliendelea kuurudia, akingoja.

Nimeuandika ubeti huo upya, pamoja na kiti.