Mchi Kabla ya Moto

Kazi ya kisamvu huanzia kwenye jani, na jani huchaguliwa kwa vidole. Bibi ninayemtazama hapa Tibirinzi, mjini Chake Chake, anapita polepole kati ya mihogo iliyo nyuma ya nyumba yake, anashika ncha ya tawi na kuipinda kidogo kwa kidole gumba. Ikikatika kwa wepesi inaingia kwenye ungo. Ikigoma anaiacha. Majani yaliyokomaa hayagusi kabisa. Akishaketi kibarazani anaanza kuchambua: vikonyo vyekundu vinatolewa kimoja kimoja, jani lenye madoa au lililojikunja kwa maradhi linawekwa kando, na yanayobaki yanaoshwa maji mawili.

Wengi Pemba wanaijua Tibirinzi kwa viwanja vyake vya kufurahishia watoto siku za sikukuu. Mimi nimekuja kuangalia kinu.

Kinu chenyewe ni cha mti mgumu, mdomo wake umelika upande mmoja kwa miaka ya kutumika, na mchi unafika kifuani mwa mwenyewe. Anatia konzi moja ya majani, punje chache za kitunguu thomu na chumvi kidogo. Mapigo ya mwanzo ni mepesi, kwa sababu jani bichi huruka likipigwa kwa nguvu. Yakishalala anaongeza uzito. Sauti inabadilika: kwanza kavu, ya mti kugonga mti, halafu inakuwa nzito na yenye maji. Rangi inaiva, kutoka kijani cha juani hadi kijani cheusi. Kila baada ya muda anasimama, anakwangua kuta za kinu kwa mkono, anarudisha chini kilichopanda. Konzi ya pili haitiwi mpaka ya kwanza ipondeke. Nilidhani kimekwisha pale kilipoanza kushikana. Alichota kidogo, akakisugua kati ya vidole viwili, akakuta bado kuna vipande.

“Bado, mwanangu,” akasema, akaushika mchi tena.

Hilo “bado” ndilo ninalotaka kulieleza, kwa sababu ndani yake kuna elimu kubwa. Jani la muhogo lina vitu viwili vilivyotengwa. Kimoja ni linamarini, sukari iliyofungamana na sayanaidi, na mmea huihifadhi ndani ya seli zake. Kingine ni kimeng’enya kiitwacho linamarasi, ambacho hukaa kwenye kuta za seli. Jani likiwa zima, havikutani. Mdudu au mbuzi akilitafuna, kuta zinapasuka, kimeng’enya kinaifikia linamarini na sumu inafunguka mdomoni mwa mlaji. Ndivyo mmea unavyojilinda. Mchi unazipasua kuta hizo mapema, nje ya mwili wa mtu, ili sumu iishie kinuni. Kila kipande ambacho bibi anakihisi kati ya vidole vyake ni seli ambazo hazijapasuka.

Ndiyo maana mchi hutangulia moto. Anayechemsha majani mazima hukiua kimeng’enya kwa joto kabla hakijafanya kazi, ilhali linamarini yenyewe hustahimili mchemko na kubaki ndani ya jani. Tumboni, vijidudu wanaoishi humo wanaweza kuivunja na kuitoa ile sayanaidi.

Kisamvu kilipolainika alikitandaza kwenye ungo, akakiacha. Sikuona akifanya lolote juu yake kwa muda mrefu. Aliketi kwenye mbuzi akaanza kukuna nazi, akakamua tui zito na kuliweka kando, akairudia chicha kwa maji ya vuguvugu kupata tui jepesi. Kumbe ungo nao ulikuwa unafanya kazi. Kimeng’enya kilichoachiwa na mchi kinahitaji muda wa kuimaliza linamarini, na kinachotokana nayo huvunjika chenyewe kikatoa asidi ya sayanaidi. Asidi hiyo huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi za Selsiasi, chini ya joto la mchana wa kawaida wa Pemba. Hewa ya kibarazani inatosha kuanza kuichukua.

Kinachoepukwa hapa ni kitu kinachotokea mahali padogo mno. Karibu kila seli ya mwili wetu ina mitokondria, na humo ndimo chakula na oksijeni hugeuzwa nguvu, inayohifadhiwa katika molekuli ya ATP. Elektroni zinazotoka kwenye chakula hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, na ya mwisho, saitokromu oksidesi, huzikabidhi kwa oksijeni. Sayanaidi hung’ang’ania chuma kilicho ndani ya protini hiyo ya mwisho. Ni kama mfereji ulioziba mdomo: maji yote ya nyuma husimama. Damu inaendelea kuleta oksijeni, lakini seli haina njia ya kuitumia.

Kuanzia hapo uharibifu huja kwa hatua. ATP inapungua. Pampu zinazoitoa kalsiamu nje ya seli zinalegea, kalsiamu inajaa ndani, na elektroni zilizokwama huzaa molekuli kali zinazoharibu utando wa mitokondria. Utando ukitoboka, protini ndogo iitwayo saitokromu c inavuja. Mwaka 1996 Xiaodong Wang na wenzake nchini Marekani walionyesha kwamba protini hiyo, ambayo ndani ya mitokondria husaidia kuzalisha nguvu, ikitoka nje huamsha mfululizo wa vimeng’enya vinavyoibomoa seli kwa utaratibu. Na seli iliyoishiwa ATP kiasi cha kushindwa hata kujibomoa kwa utaratibu huo huvimba, ikapasuka na kuwaumiza majirani zake. Seli za neva, ambazo hutumia nguvu nyingi kuliko seli nyingine nyingi, ni miongoni mwa zinazoumia mapema.

Afrika Mashariki imeyaona haya kwa macho, japo kwa njia ya mizizi na si ya kisamvu. Ugonjwa wa konzo, ambao daktari Giovanni Trolli aliueleza huko Kongo mwaka 1938, huikakamaza miguu ghafla na kuiacha hivyo maisha yote. Mwaka 1981, katika ukame, uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika mkoa wa Nampula, Msumbiji, wengi wao wanawake na watoto. Mwaka 1985, katika ukame mwingine, ulizuka wilayani Tarime. Watafiti waliofuatilia, akiwemo Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, walikuta jambo lilelile: watu walikuwa wakila muhogo mchungu na kidogo sana zaidi ya huo, na njaa ilikuwa imewalazimisha kufupisha siku za kuuandaa. Ujuzi waliurithi. Walichonyang’anywa ni muda. Siwezi kulifikiria hilo bila uchungu, maana waliokuwa jikoni walijua kabisa hatua waliyokuwa wakiiruka.

Bibi sasa anawasha kuni kati ya mafiga. Sufuria inakaa wazi, na itabaki wazi. Kisamvu kinaingia na maji ya kukifunika tu, na anakigeuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu ili mvuke upate njia. Maji yakikauka kabla kisamvu hakijaiva anaongeza mengine kidogo, kamwe hamwagi mengi kwa mara moja. Nilipouliza kwa nini hafuniki, kuni zipungue, alijibu kuwa kisamvu kilichofunikwa hubadilika rangi na kuwa na harufu mbaya. Jibu lake ni la mpishi, na ni sahihi. Mkemia angeongeza kwamba kwa mlango huohuo sayanaidi iliyosalia nayo hutoka.

Tui jepesi linafuata, kisha papa mkavu aliyerowekwa tangu asubuhi ili chumvi impungue, akavunjwa vipande. Hapo nilimtazama papa huyo kwa heshima ya pekee. Mwaka 1933 Mjerumani Karl Lang alieleza juu ya kimeng’enya kiitwacho rodanesi, ambacho hukaa ndani ya mitokondria yenyewe, palepale sayanaidi inaposhambulia. Kazi yake ni kuikamata sayanaidi na kuipachika salfa, iwe thiosayanati, ambayo ina ukali mdogo sana na hutoka kwa mkojo. Lakini rodanesi haiwezi kitu bila salfa, na mwili huipata salfa hiyo kutoka katika methionini na sisteini, ambazo samaki anazo kwa wingi. Hospitalini, mtu aliyepatwa na sayanaidi kwa ajali hutibiwa kwa njia zinazofanana na hiyo: thiosalfati ya sodiamu inayoleta salfa, au haidroksokobalamini, aina ya vitamini B12 ambayo kobalti yake huinasa sumu. Papa wa sufuriani anafanya kazi ya kila siku, ya kumalizia mabaki madogo ambayo mchi na moto havikuyamaliza.

Tui zito huingia mwisho, moto ukiwa umepunguzwa, na hapo mwiko hautulii hata kidogo, kwa sababu tui likiachwa hukatika. Linapoanza kutoa mafuta pembeni anaipua.

Siku hizi wengi hununua kisamvu kilichokwisha kusagwa kwa mashine, na mashine nayo huvunja jani vizuri. Ukikipika nyumbani kwako, hakikisha hakuna jani zima lililobaki, kiache kitulie kabla ya moto, acha sufuria wazi mpaka kiive, na usikile kikavu: tia samaki, dagaa au chochote cha protini ulichonacho.