Watoto wa Uingereza Wajifunza Kusoma Gazeti: Je, Wafundishwa Vema?

Katika shule nyingi za Uingereza mwanafunzi aweza kuchagua somo la kusoma magazeti. Hatusemi kusoma kwa kupitisha wakati, kama mtu asomavyo akingojea basi. Ni somo lenye mwalimu wake, saa zake na mtihani wake. Magazeti huwekwa mezani, kurasa zake za intaneti hufunguliwa, kisha mwanafunzi huulizwa: kitu hiki kimetengenezwaje? Tumeona yafaa kulipima somo hilo mbele ya wasomaji wetu, kwa sababu watoto wetu nao wapata habari kila siku, tena wengi wazisoma katika simu, wala hakuna aliyewaonyesha namna ya kuzisoma.

Hukumu yetu twaisema mapema. Somo hilo ni jema, na sisi tungependa kuliiga. Lakini lina pengo moja, na pengo hilo laweza kuharibu wema wote uliobaki.

Kwanza tuone somo lenyewe. Mpango wake mpya ulianza kufundishwa Septemba 2017, na mitihani ya kwanza ikafanywa 2019. Bodi ya mitihani iitwayo OCR iliwachagulia wanafunzi wenye miaka 16 hadi 18 magazeti mawili: The Guardian na Daily Mail. Uchaguzi huo ni wa busara, maana magazeti haya ni kama ndugu wawili wasiosalimiana. The Guardian lilianzishwa Manchester mwaka 1821, na tangu 1936 limekuwa chini ya Scott Trust, shirika lililoundwa ili gazeti lisiuzwe wala lisimezwe na tajiri mmoja. Daily Mail lilitolewa mara ya kwanza tarehe 4 Mei 1896 na Alfred Harmsworth, kwa bei ya nusu peni, ili karani na mke wake waweze kulinunua. Hata leo lamilikiwa na ukoo wake. La kwanza laelekea mrengo wa kushoto, la pili mrengo wa kulia. La kwanza lafungua ukurasa wake wa intaneti bure na kuwaomba wasomaji msaada wa fedha. La pili limeishi kwa matangazo ya biashara na picha za watu mashuhuri, ingawa tangu 2024 baadhi ya makala zake katika intaneti hulipiwa.

Mwanafunzi huyapima magazeti hayo kwa mambo manne. La kwanza ni lugha ya ukurasa: ukubwa wa herufi, picha, rangi, mahali kila kitu kilipowekwa. La pili ni sura za watu: mwanamke, mgeni, maskini, mkubwa wa serikali, wameonyeshwaje? La tatu ni wenye gazeti: ni nani, na fedha zatoka wapi? La nne ni wasomaji: gazeti lasemeshwa nani, naye alipokeaje? Juu ya hayo huongezwa majina ya wataalamu, kama Roland Barthes aliyefundisha juu ya ishara, na Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaica, aliyesema kwamba msomaji aweza kukubali maana aliyopewa, au kuikubali nusu, au kuikataa.

Nani atasema kwamba haya ni mabaya? Mtoto aliyefundishwa hivi hatadhani tena kwamba gazeti limeshuka lenyewe kama mvua. Ajua kuna mkono uliochagua picha hii na kuiacha ile. Ajua kichwa cha habari kimepimwa kama fundi anavyopima ubao. Hiyo ni akili ya kweli, na watu wazima wengi hawanayo.

Lakini tazameni tena mambo yale manne. Je, ni wapi mtoto anapoulizwa: habari hii ni ya kweli? Mwandishi ameijuaje? Hakuna. Mpango wataka mwanafunzi aeleze jinsi picha na maneno yanavyojidai kuwa ya kweli. Lakini kueleza jinsi mtu anavyojidai kuwa tajiri si kuhesabu fedha zake. Mwalimu hodari aweza kuongeza swali hilo mwenyewe, wala hatuna shaka kwamba wengine huliongeza. Hata hivyo halimo katika nguzo zile nne, na jambo lisiloulizwa katika mtihani husahauliwa upesi.

Tutoe mfano. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza walipiga kura, na wengi wakachagua kutoka katika Umoja wa Ulaya. Tarehe 3 Novemba mwaka huo mahakimu watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba serikali haiwezi kuanza safari ya kutoka bila idhini ya Bunge. Kesho yake Daily Mail lilichapa picha za mahakimu hao, wamevaa nywele zao za bandia za kazi, na chini yake, kwa herufi kubwa, likawaita maadui wa wananchi.

Ukurasa huo ni chakula kitamu kwa somo letu. Mwanafunzi mwerevu ataandika kurasa tatu. Atasema nywele za bandia zawaonyesha mahakimu kuwa watu wa kale walio mbali na raia. Atasema neno adui ni neno la vita. Atasema gazeti lilipigania kutoka, na wasomaji wake wengi vilevile. Yote sawa, naye atapata alama nzuri. Lakini aweza kuipata alama hiyo bila kujua mahakimu waliamua nini! Uamuzi wao ulitolewa wazi siku ileile, kila mtu ausome. Nao walisema waziwazi kwamba hawahukumu kama kutoka ni kwema au kubaya. Waliulizwa swali la sheria tu, yaani ni nani mwenye mamlaka ya kuanza. Tarehe 24 Januari 2017 Mahakama ya Juu ilithibitisha uamuzi huo, mahakimu 8 kwa 3. Bunge likapiga kura, likakubali, na tarehe 31 Januari 2020 Uingereza ikatoka. Basi wale walioitwa maadui hawakuzuia kitu ambacho wananchi walikichagua. Hilo ndilo jambo kubwa la kusema juu ya ukurasa ule, na halionekani katika herufi wala katika picha. Laonekana kwa mtu aliyeutafuta uamuzi wenyewe akausoma.

Msidhani twasema hivi ili kulipendelea gazeti lile jingine. Mwezi Julai 2011 The Guardian liliandika kwamba watu wa gazeti la News of the World waliingia kwa siri katika simu ya msichana aliyepotea mwaka 2002, ambaye baadaye alikutwa ameuawa. Tena kwamba walifuta ujumbe katika simu hiyo, hata wazazi wakadhani mtoto wao yu hai. Uingereza nzima ilichukizwa. News of the World, gazeti lililoanzishwa 1843, lilifungwa tarehe 10 Julai. Jaji Leveson alipewa kazi ya kuchunguza mwenendo wa magazeti, na taarifa yake ikatoka Novemba 2012. Wanafunzi hujifunza habari hiyo wanapofika kwenye sheria za magazeti. Lakini yapo na mengine. Desemba 2011 polisi walieleza kwamba haikuthibitika kuwa watu wa gazeti ndio waliofuta ujumbe ule uliowapa wazazi tumaini. Kuingia katika simu kulikuwa kweli. Jambo la kufuta halikusimama. The Guardian likachapa sahihisho. Kumbe habari moja yaweza kuwa na sehemu iliyo kweli na sehemu isiyothibitika, hata katika gazeti lenye nia njema. Ni nani atakayezitenga sehemu hizo, kama hakufundishwa kuuliza?

Labda mtu atatujibu: ninyi mwawadai watoto kazi ya waandishi na mahakimu. Mtoto wa shule atauthibitishaje ukweli wa habari za dunia? Twajibu kwamba hatumdai athibitishe yote. Twamdai ajue tofauti kati ya habari yenye shahidi na habari isiyo na shahidi. Nani aliona? Jina lake limetajwa? Je, kuna hati, na hati hiyo yaweza kusomwa? Gazeti jingine lisilopendana na hili lasemaje? Maswali hayo hayahitaji chuo kikuu.

Wasomaji wetu watauliza: mambo ya Uingereza yatuhusu nini? Yatuhusu sana, maana sisi tumekwisha kuona matunda ya kuuliza swali moja na kuliacha lingine. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Ulipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287. Katika miezi ile watu wa Beni na Butembo waliuliza swali lilelile la nguzo ya tatu: ni nani anayefaidika? Waliona magari mapya, waliona fedha zikiingia, wakaona na kura ya Desemba 2018 ikiahirishwa kwao kwa sababu ya ugonjwa. Swali lao halikuwa la kijinga. Lilikuwa na sababu. Lakini wengi walikomea hapo. Wakasema: kwa kuwa wako wanaofaidika, basi ugonjwa haupo. Maneno yakapita kutoka simu hata simu. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wako wagonjwa waliofichwa nyumbani, nao wakawaambukiza mama zao na dada zao waliowauguza.

Hapo ndipo pengo linapoonekana wazi. Mtu aweza kufaidika kwa habari ya kweli. Mwenye duka la majeneza hufaidika kwa kifo, wala kifo hakiwi uongo kwa sababu hiyo. Anayejua tu kuuliza nani anafaidika ataishia kutosadiki neno lolote, kisha atasadiki la rafiki yake, kwa kuwa ni rafiki. Wazee walituachia mithali kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo, laja. Lakini walituachia na nyingine, kwamba kusikia si kuona. Tumeipenda mno ile ya kwanza.

Kwa hiyo, ndugu walimu, kama mna saa moja kwa juma, leteni darasani gazeti moja, au habari moja iliyopokewa katika simu ikaandikwa ubaoni. Chukueni kwa Waingereza maswali yao manne, maana ni mazuri: imetengenezwaje, yawaonyeshaje watu, ni mali ya nani, yamsemesha nani? Lakini kabla ya hayo yote mwulizeni mtoto: aliyeandika amejuaje? Akijibu kwamba hakuna alama yoyote ya shahidi, mwandikieni maksi nzuri, kisha mwambieni asiipeleke habari hiyo kwa mtu mwingine.