Uchapishaji Huria na Mzigo wa Gharama: Mfano wa California

Neno "huria", lipachikwapo kwenye uchapishaji wa kitaaluma, humfanya msomaji adhani kuwa gharama imetoweka. La hasha, imehamishwa tu. Azimio la Budapest la mwaka 2002 lenyewe lilikiri kuwa kuchapisha kuna gharama, ila likataka gharama hiyo asitwishwe msomaji. Atwishwe nani basi? Jibu la mashirika makubwa ya uchapishaji limekuwa ni mwandishi, yaani taasisi iliyomwajiri au mfadhili wake.

Athari za jibu hilo zadhihirika katika uchunguzi wa Chuo Kikuu cha California uitwao Pay It Forward, uliotolewa mwaka 2016. Hapo awali maktaba ililipia kusoma. Sasa chuo hulipia kuandika, na kadiri wanataaluma wake wanavyoandika ndivyo deni linavyokua. Kwa vyuo vya Amerika ya Kaskazini vyenye utafiti mwingi, ada za makala zingepita bajeti ya maktaba ya majarida, na pengo lingezibwa kwa ruzuku za utafiti. Suluhisho hilo ni la mwenye ruzuku. Mhakiki wa fasihi mara nyingi hana, hata huko California. Ndiyo maana mkataba wa chuo hicho na Elsevier wa mwaka 2021 uliiachia maktaba imlipie ada yote mwandishi asiye na fedha za utafiti. Maktaba ya Nairobi au Maseno ingeitoa wapi fedha hiyo?

Watetezi wa mfumo huu hutaja misamaha ya ada. Misamaha hiyo, hata hivyo, aghalabu hufuata jedwali la Benki ya Dunia: nchi maskini kabisa husamehewa yote, zile za kipato cha kati cha chini hupunguziwa. Kenya iliingia kundi hilo la pili mwaka 2014, pato la taifa lilipokokotolewa upya. Ukokotoaji huo haukuongeza hata shilingi moja katika maktaba ya chuo chochote.

Swahili Forum, jarida litolewalo Ujerumani, humfikia msomaji bure wala halimtozi mwandishi. Hata hapo gharama ipo: imejificha katika saa za wahariri, ambazo ni nadra kutajwa katika bajeti ya chuo.