Supu ya masaa manne: nguvu imebaki wapi?

Ukitafuta mapishi ya supu ya kuku na vyakula vya baharini, mara nyingi utaambiwa yaleyale: kuku wa kienyeji, pweza au kamba, moto mdogo, masaa manne, na mwisho unahakikishiwa kwamba virutubisho vyote vimeshuka kwenye supu. Kwenye ladha sina ugomvi. Ugomvi wangu ni hayo maneno ya mwisho, maana kuna nyumba chakula kinagawiwa kwa kuyaamini: nyama kwa baba na mgeni, mchuzi kwa mtoto, na mtoto anahesabiwa kwamba kuku amemla.

Hebu tuliweke sufuria jikoni Nambis. Nyanda za juu za Mbulu ziko mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha maji kuchemka kinashuka kwa karibu nyuzi moja. Kwa hiyo maji yanayochemka kwa nyuzi 100 Dar es Salaam, huku yanachemka kwenye 94 hivi. Jogoo mzee ana kolajeni nyingi, zile nyuzi zinazomfanya awe mgumu, na ili alainike lazima kolajeni igeuke jelatini. Joto likipungua, kazi hiyo inakwenda polepole. Yaani yale masaa manne Nambis yana sababu kuliko Kariakoo. Kuongeza kuni hakusaidii: maji yakishachemka hayapandi joto tena, yanaondoka tu kama mvuke. Funika sufuria, au tumia la presha kama unalo.

Hadi hapo mapishi yako sawa. Tatizo ni hesabu ya kilichoshuka. Jelatini ndiyo inayofanya supu igande ikipoa, na watu wakiona imeganda wanasema hiyo ndiyo nguvu yenyewe. Ni protini kweli, lakini ni protini pungufu: haina kabisa triptofani, moja ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Ufaransa walishapita huku. Karne ya 19 jelatini ya mifupa ilitolewa kama chakula cha maskini na wagonjwa, hadi mwaka 1841 kamati iliyoongozwa na Magendie ilipotoa ripoti kwamba wanyama waliolishwa jelatini peke yake hawakustawi. Kikombe cha supu ya kuku ya nyumbani kina protini kama gramu 6. Gramu 100 tu za nyama ya kuku iliyopikwa zina 25 au zaidi. Nguvu, kwa sehemu kubwa, imebaki kwenye paja.

Na mifupa je? Mwaka 1934 huko London, McCance na wenzake walipima supu za mifupa na mboga walizokuwa wakipewa watoto. Kalsiamu iliyotoka kwenye mifupa ilikuwa kidogo sana ukilinganisha na maziwa. Mfupa haukubali kirahisi kuachia madini yake kwa maji ya moto.

Sasa hao wa baharini. Pweza Nambis? Nauli yake tu inamzidi bei. Samaki anayefika hadi maduka ya vijijini ni dagaa wa Mwanza, na kwa kalsiamu dagaa anamshinda pweza kwa mbali, kwa sababu unamla mzima na mifupa yake. Gramu 100 za dagaa wakavu zina kalsiamu zaidi ya miligramu 1,000. Kinachokosekana ni madini joto, ambayo samaki wa baharini wanayo kwa wingi na wa ziwani hawana ya kutosha. Hilo linazibwa na chumvi yenye madini joto, siyo na pweza.

Kuku au samaki kwenye mlo pia husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Ila lazima kitu chenyewe kifike kwenye sahani ya mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano Tanzania wamedumaa. Udumavu una sababu nyingi, sisemi umeletwa na supu, lakini bakuli la mchuzi mtupu haliwezi kuhesabiwa kama mlo wa nyama.

Supu ina kazi yake. Mgonjwa asiyeweza kutafuna anapata maji, chumvi na hamu ya kula, na madini yaliyoyeyuka hayaharibiki kwa moto. Vitamini ndizo zinazoumia, hasa C na B1, kwa hiyo nyanya na mboga ziingie dakika za mwisho. Paja lichambue vipande vidogo, mchanganyie mtoto kwenye ugali. Dagaa waoshe mchanga utoke, kichwa usikitupe, na kama mtoto bado mdogo watwange wawe unga laini kabisa uweke kwenye uji.