Times New Roman mitaani: Umbo la herufi nalo ni usemi

WANAISIMU wetu wameandika mengi kuhusu maneno yanayosomeka Eastlands: Sheng ya Kayole, misemo ya matatu za Buruburu, majina ya vibanda vya Umoja. Kuhusu umbo la herufi zinazobeba maneno hayo, wamesema machache mno. Pengo hili lina gharama, kwa kuwa msomaji huamini umbo kabla ya kulichunguza neno.

Tuchukue Times New Roman, ile fonti yenye vijikia kwenye ncha za herufi. Vyaelea, vimeundwa. Stanley Morison aliisimamia, Victor Lardent akaichora, na gazeti la The Times la London likaanza kuitumia tarehe 3 Oktoba 1932. Lengo lilikuwa kubana maneno mengi katika safu nyembamba bila kumchosha msomaji. Kwa Kiswahili, chenye vitenzi virefu kama "tutakapowaandikia", ubanaji huo ni neema.

Kompyuta ndizo zilizoifikisha mtaani. Kwa miaka mingi, hadi toleo la 2007 lilipoleta Calibri, programu ya Word ilifunguka na fonti hii. Barua ya kuomba kazi, ratiba ya mazishi, notisi ya landilodi: zote zikatoka saiba zikiwa na sura moja, sura ya ofisi.

Tatizo linaanzia kwenye notisi. Mara nyingi huandikwa kwa herufi kubwa tupu, zikakolezwa, kisha ikatolewa nakala ya nakala. Fonti hii haikuundwa kwa kazi hiyo. Nguvu yake imo katika herufi ndogo. Ukipanga herufi kubwa mstari mzima, maneno yote hufanana kama matofali. Mistari yake mingine ni myembamba kama uzi, na mashine ya fotokopi huimeza. Mpangaji anahangaika kusoma tarehe ya kuhama, ilhali sura ya karatasi inamwambia, "Hii ni amri." Anaanza kufunganya virago kabla ya kuuliza kama sheria inamtaka ahame.

Linganisha na mathree. Herufi zake nene, zilizopinda na kuchongoka, hazidai utiifu; zinadai jicho. Mwaka 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipolazimisha matatu kuvaa mstari wa manjano, serikali ilidhihirisha kwamba inajua sura ni usemi. Wasomi wa lugha ndio waliobaki nyuma.

Shuleni tunafunza barua rasmi: anwani, tarehe, mtajo, hitimisho. Mwanafunzi anahitimu akijua kuiandika, wala hajui kuihoji. Walimu wa Kiswahili waongeze somo moja: mbele ya karatasi yoyote, uliza nani ametia sahihi, kwa mamlaka gani, na chini ya sheria ipi. Vijikia vya herufi si muhuri wa korti.